Kasiksi yako inanuka dawa? Angalia bidon kwanza

Bandugu benye munaanza kutengeneza kasiksi, ile pombe ya ndizi na mutama, ku nyumba, ikiharibika musiimwange mbio, musikie kwanza harufu yake juu kila harufu iko na kwenye imetokea, na mimi hapa Bukavu mara mingi nimekuta ubaya haiko mu ndizi, iko mu bidon.

Harufu ya dawa, ile ya lopitalo, njo ilinitesa sana. Ku mwanzo nilikuwa naosha bidon na javel (dawa ya kutakatisha nguo) mingi nikiwaza njo usafi, nasuuza mara moja tu, siku ya tatu kasiksi inanuka sawa vile bandeji. Javel iko na klori, na klori ikikutana na bintu benye binatoka mu ndizi na mu mutama wakati pombe inachemka yenyewe, inazaa ile harufu, na hata kidogo sana inatosha kuharibu bidon nzima ya litre 20. Ukingoja haitoke. Sasa nasuuza mara tatu na maji yenye ilichemshwa, nageuza bidon ikauke muzuri. Maji ya robine nayo iko na klori, njo maana ile ya kuongeza mu mutobe (maji ya ndizi yenye imekamuliwa) naichemsha dakika 15 bila kifuniko, naacha ipoe.

Ikikuwa kali ya vinegre, ni hewa. Kuko bakteri zenye zinageuza pombe kuwa vinegre, na bila hewa haziwezi kazi, kwa hiyo jaza bidon karibu na mudomo na usifungue kila saa kuonja (najua hamu iko, lakini vumilia). Ila usikaze kifuniko, gazi itapasua bidon. Ukali laini, ule wa mashanza (maziwa ya kuganda), ni bakteri zingine, zenye zinakaa mu uchafu wa kombe na mu majani ya kukamulia, majani kata mapya kila mara.

Usiku wa Bukavu ni baridi, basi batu banaweka bidon pembeni ya mbabula (jiko ya makala). Hapana! Joto ikipita sana, levire (chachu) inafanya kazi ya haraka haraka na pombe inanuka verni ya makucha, kisha kesho kichwa inauma. Funga bidon na bulangeti, inatosha.

Ikikamata ulimi, ndizi haikuiva, ngoja siku mbili tena mu shimo ya kuivisha. Ikikuwa na uchungu wa kuungua, ulikaanga mutama mpaka ikakuwa nyeusi, itoe ku moto ikianza kuwa kahawia na kunukia.

Na mukiwa ku soko ya Kadutu kununua ndizi, ombeni mupasue moja. Ikiwa ndani iko na rangi ya kutu na inje iliiva mbio bila mupango, ni ugonjwa wa mugomba, musinunue hata bei ikiwa muzuri, mutobe yake inatoka kidogo na mubaya.