Siagi kwenye friza ya Kisumu: ilinde na samaki kwanza

Joto la Kisumu na siagi havipatani. Ukiisahau mezani mchana, jioni unaimimina badala ya kuipaka. Ndugu zetu wa Nakuru hawaelewi tukilalamika, maana kule baridi huwafanyia nusu ya kazi. Ndiyo sababu mimi nikikuta siagi kwa bei nzuri hununua ya kunitosha miezi kadhaa na kuigandisha.

Adui wake mkubwa humo ndani ni harufu. Mafuta hunyonya harufu ya chochote kilicho jirani, na friza ya huku kwetu ina nini kama si samaki? Ngege, mbuta, vichwa vya supu. Siagi ikilala nao wazi, siku moja mtoto atakuuliza mbona mkate unanuka ziwa. Kwa hiyo iache ndani ya karatasi yake ya dukani, izungushie foili mara mbili, ubane pembe zote, kisha uitie kwenye mkebe wenye kifuniko kinachokaza. Foili huzuia pia hewa na mwanga, ambavyo ndivyo huifanya ichache.

Ikate kabla ya kuigandisha, kila kipande kiwe cha kutosha wiki moja nyumbani kwako. Kisu kichovye kwanza kwenye maji moto. Andika tarehe.

Yenye chumvi hukaa vizuri hata mwaka mzima katika nyuzi 18 chini ya sifuri. Isiyo na chumvi, imalize ndani ya miezi sita hivi, kwani ladha yake hufifia mapema.

Stima ikipotea, tafadhali usiwe mtu wa kufungua friza kila saa kuchungulia. Friza iliyojaa, ikiachwa imefungwa, hushika baridi hadi saa 48.

Ya kupaka mkate ihamishie kwenye friji jioni, asubuhi itakuwa tayari. Ya skonzi usiiyeyushe kabisa: ikwaruze kwenye kikwaruzo cha karoti ikiwa bado jiwe, uichanganye na unga upesi kwa ncha za vidole. Vile vipande baridi vikiyeyuka ndani ya ovena, mvuke wake huinua unga, na skonzi hutoka nyepesi.

Samli usiihangaikie. Maji yake yalishakauka jikoni, kwa hiyo inakaa kabatini bila shida, mradi kifuniko kikaze na kijiko kiwe kikavu.