Tairi la kuvutia tela lisome ubavuni

Wewe uliyekabidhiwa mkonga, ile pikapu ya Land Cruiser, wa kuvuta tela kwa mara ya kwanza, nianze na kitu nilichokishika kwa mikono yangu. Ilikuwa saa nane mchana, tumeshaipita Mikumi, tunaelekea Iringa. Nyuma kuna tela la jenereta, na kwenye bodi tumepanga mabomba na madumu ya dizeli. Tairi la nyuma kushoto likapasuka. Tela likaanza kuyumba na kuibeba gari huku na huku. Niliachia mafuta taratibu, nikashika usukani kwa nguvu na sikugusa breki ya mguu mpaka gari ilipotulia.

Tulipolivua lile tairi, ubavu ulikuwa umechanika mduara mzima, kama kopo lililofunguliwa kwa kisu. Ndani mlikuwa na unga mweusi wa mpira, unajaza viganja viwili. Kashata zake, yaani meno yanayogusa barabara, zilikuwa mpya, hata vile vinyweleo vya kiwandani vilikuwa havijaisha.

Unga ule ndio uliokuwa mwalimu wangu. Tairi lililotobolewa na msumari ghafla halitoi unga. Unga unatokana na ubavu unaojikunja na kujisaga kila mzunguko kwa kuelemewa na mzigo, au kwa upepo mdogo, au vyote viwili. Ukijikunja unapata joto, na joto likizidi mpira unaachana na nyuzi zake. Kwa hiyo lile tairi lilianza kuharibika huko Chalinze au hata kabla, sisi tunapiga stori.

Kosa lilianzia dukani. Nilisema, "Nipe 265/70R16 zenye kashata nzuri," nikapewa nilichoomba. Saizi ilikuwa sahihi na rimu iliipokea. Ambacho sikukisoma ni namba ndogo inayofuata saizi: 112. Namba hiyo ni kipimo cha mzigo. 112 maana yake tairi moja linabeba kilo 1,120, nalo likiwa na upepo wake kamili. Kuna tairi jingine lenye saizi ileile, limeandikwa LT mbele (yaani la gari dogo la mizigo) na 121/118 nyuma, watu wanaliita la plai 10. Hilo linabeba kilo 1,450. Ukiyasimamisha ukutani bega kwa bega huoni tofauti, lakini kwa ekseli moja yanapishana kilo 660.

Ukikuta namba mbili zenye mkwaju, ile ya kwanza ni ya tairi likiwa peke yake upande mmoja, na ya pili ni ya matairi yaliyofungwa mawilimawili. Mkonga una tairi moja kila upande wa nyuma, kwa hiyo shika ya kwanza. Herufi inayofuata ni ya mwendo: L ni kilometa 120 kwa saa, N ni 140, Q ni 160, S ni 180. Kwa mtu anayevuta tela herufi hiyo haina shida sana, maana hupaswi kuufikia hata mwendo wa L. Shida yako ni namba.

Sasa utajuaje namba ipi inakutosha? Pima. Kukadiria kwa macho ndiko kulikoniponza. Baada ya tukio lile nilipakia mzigo uleule, nikaomba kutumia mizani ya ghala moja la nafaka. Ekseli ya nyuma ikapanda peke yake, tela likiwa limeunganishwa lakini magurudumu yake yako nje ya mizani. Ilisoma kilo 2,310. Gawa kwa mbili: 1,155 kila tairi. Tairi langu mwisho wake ni 1,120. Utasema kilo 35 ni kitu gani, lakini hiyo ni gari ikiwa imesimama, haijaingia shimoni wala haijalala kwenye kona. Na Marekani wana kanuni kwamba tairi la gari dogo likifungwa kwenye pikapu, uwezo wake unagawanywa kwa 1.10 kabla ya kuutumia. Kwa hesabu hiyo langu lilibaki na kilo 1,018 hivi. Nilikuwa nje kabisa, na nilikuwa sijui.

Wengi wanashangaa ekseli inafikaje huko wakati "mzigo wa bodi ni mdogo tu". Sababu ni tela. Tela lililopakiwa vizuri huweka asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake pale linaposhikana na gari. La kilo 2,000 litakukandamiza kwa kilo 200 mpaka 300. Na kwa kuwa pale pa kushikia ni nyuma ya ekseli, linafanya kama mzani wa bembea: linainua pua ya gari, na uzito uliotoka mbele unahamia nyuma. Kwa hiyo ekseli ya nyuma inapokea zaidi ya zile 300. Usijaribu kukwepa kwa kurudisha mzigo mkiani mwa tela, maana tela lenye kichwa chepesi ndilo linaloyumba.

Upepo nao una habari yake, na hapa ndipo hata madereva wazoefu wanapokosea. Ukihama kutoka tairi la kawaida kwenda LT, usiendelee kujaza upepo uleule wa zamani. LT la 121 linabeba zile kilo 1,450 likiwa na paundi 80. Ukilitia 35, umenunua tairi gumu ambalo halikusaidii kitu. Kila mtengenezaji ana jedwali la mzigo na upepo, mwombe muuzaji au litafute, ulinganishe na kilo zako za mizani. Pima asubuhi kabla gari halijatembea. Mchana ukikuta upepo umepanda, usiutoe hata fundi pancha akikushauri. Umepanda kwa joto, na ukiutoa leo, kesho asubuhi utaondoka na tairi legevu. Ukipita paundi 65, hakikisha valvu si zile za mpira za kuchomeka. Fungisha za chuma, na uulize rimu yako imetengenezwa kubeba kilo ngapi.

Kuhusu kashata: vijana wanapenda yale ya matope yenye meno makubwa, na mkonga ukiyavaa unapendeza kweli. Kwa tela la lami siyapendi. Meno marefu yanacheza chini ya mzigo, yanapata joto, na lami ikiwa na maji gari inachelewa kusimama, nawe una tani mbili zinakusukuma. Chukua A/T, yaani ya njia zote, lakini iwe ya LT. Nimepita nayo njia za Kondoa wakati wa mvua, nikakwama mara moja tu.

Na zile 7.50R16 za tyubu? Porini zina faida, unaweza kulifungua tairi kwa vyuma viwili chini ya mti. Kwenye lami ya joto na tela nyuma, tyubu ikitoboka upepo unatoka wote kwa mara moja, wakati tyubulesi mara nyingi hukupa nafasi ya kusimama. Kama rimu yako ni ya ringi ya chuma inayobana tairi, usiijaze upepo ukiwa umeinama juu yake. Ile ringi inaruka na inaua.

Soma umri pia. Ubavuni kuna DOT na tarakimu nne za mwisho: 0818 ni wiki ya 8 ya mwaka 2018. Mitumba mingi ina kashata nzuri lakini mpira umeshazeeka. Likunje kidogo, uangalie katikati ya kashata kama kuna nyufa nyembamba. Mimi likipita miaka sita silifungi nyuma ya gari linalovuta, hata nikipewa bure.

Ukimaliza gari, zunguka kwenye tela ufanye hayohayo, maana matairi yake hukaa juani miezi hayatembei na hakuna anayeyakumbuka. Halafu lala chini uangalie spea. Siku ile ya Mikumi spea yangu nayo ilikuwa 112. Tulishusha madumu yote ya dizeli, utingo akabaki nayo kando ya barabara, nikaenda kwa kilometa 40 kwa saa mpaka nikapata gari la kuja kumchukua.