Kabla hujamwaga mahindi msituni

Ukianza kuwinda kulungu mwenye mkia mweupe kule jimbo la Michigan, Marekani, usikimbilie kuuliza mahindi ya chambo yanauzwa wapi. Jimbo hilo lina rasi mbili, ya chini na ya juu, basi uliza kwanza unawinda ipi. Tangu 31 Januari 2019, rasi ya chini yote imepigwa marufuku kuweka chambo na kulisha kulungu, ila wawindaji wenye ulemavu waliotimiza masharti wana vipindi vyao. Rasi ya juu kwa sehemu kubwa inaruhusu, lakini kwa msimu na kwa kipimo: galoni 2, kama lita 7.5, zitawanywe kwenye eneo lisilopungua futi 10 kwa 10.

Hapo kwenye kutawanya ndipo wageni wanapochemsha. Mtu anapima galoni zake vizuri kabisa, halafu anazimwaga fungu moja chini ya mti. Sasa kaa utazame. Kulungu wanne, watano, pua kwa pua. Mmoja anatafuna, punje zinamdondoka zimelowa mate, mwenzake anaziokota. CWD, ugonjwa unaomkondesha kulungu mpaka afe, huenezwa na prioni, yaani protini zilizoharibika, zilizomo kwenye mate, mkojo na kinyesi, na zikiingia udongoni hukaa miaka. Dawa hakuna, chanjo hakuna. TB ya ng'ombe nayo iligunduliwa kwa kulungu wa kaunti ya Alpena mwaka 1994, na kulisha kwa wingi kulichangia kuieneza.

Wakongwe watakwambia kulungu hugusana hata bila chambo. Ni kweli, wa ukoo mmoja hulambana kila siku. Fungu la mahindi linawakutanisha wasio wa ukoo mmoja, tena palepale, kila jioni.

Na wale wa huruma, wanaomwaga mahindi theluji ikizidi, mimi huwa nabishana nao zaidi. Wakati huo tumbo la kulungu limezoea vijiti na machipukizi. Akishiba mahindi ghafla, asidi inapanda tumboni na anaweza kufa akiwa ameshiba.

Ukivuka kwenda Wisconsin, hesabu ni ya kaunti: CWD ikipatikana, marufuku ya miezi 36, na kaunti jirani iliyo ndani ya maili 10 kutoka alipopatikana mgonjwa, miezi 24. Kwa hiyo ramani ya msimu uliopita usiitegemee.

Shamba la mahindi ambalo halijavunwa si chambo, winda pembeni yake bila wasiwasi. Ukiyavuna ukayarudisha kumwaga palepale, hicho ni chambo.