Wamemtoa baba damu mara mbili, ya nini?

SWALI: Shkamoo dokta. Juzi usiku mzee wetu, ana miaka 61, ana presha na sukari, alibanwa na kifua kama kawekewa jiwe huku jasho linamtoka, tukamkimbiza hospitali. ECG (kile kipimo cha umeme wa moyo) wakasema iko sawa, damu nayo majibu mazuri, afu badala ya kuturuhusu wakasema tusubiri masaa 3 watoe damu tena. Kaka akawaka, hawa wanatafuta hela tu. Tulibaki ila bado najiuliza, hicho cha pili cha nini? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marhaba, poleni sana, na nimefurahi mno kwamba mlibaki.

Walichopima ni troponini, protini iliyomo ndani ya misuli ya moyo. Mshipa wa moyo ukiziba, misuli ikianza kufa kwa kukosa oksijeni, protini hiyo inavujia kwenye damu, ila haivuji yote papo hapo, inaweza kuchukua masaa kadhaa mpaka mashine iione, kwahiyo mtu aliyewahi hospitali, yani aliyefanya jambo la maana kabisa, ndo huyohuyo damu yake ya kwanza inaweza kusoma safi wakati moyo unaumia. Cha pili kinaangalia kama imepanda. Na kupanda ndo kwenyewe, maana mwenye figo mbovu anaweza kuwa na troponini ya juu siku zote bila mshipa kuziba leo. Maabara zenye vipimo vipya vikali zaidi zinarudia baada ya saa 1 au 2, zingine masaa 3 au hata 6, inategemea mashine waliyonayo.

ECG ingeonyesha wazi mshipa umeziba wasingesubiri damu, wangeanza matibabu hapohapo. Ikiwa sawa haimaanishi moyo uko salama, hilo naomba kaka alisikie.

Tena kwa mwenye sukari mi nakuwa mkali, hawa wengine hata kifua hakiumi, anahema tu au tumbo linamsokota, nyumbani mnasema gesi.

Hata kama majibu yote mawili ni mazuri, mpelekeni kliniki ya moyo wiki hii, kwasababu mshipa uliobana bila kuua misuli hautoi troponini. Bebeni karatasi zote mbili, na mwandike maumivu yalianza saa ngapi. Yakirudi kabla ya hapo msingoje kuche, mrudisheni emajensi usiku huohuo.