Mshale ukishuka, maji yapo

Kamwene, Mhariri.

Wiki hii mmeuliza: ni kitu gani cha zamani karibu na kwenu ambacho historia yake haijaandikwa popote? Kwangu ni tangi la maji la kambi ya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) iliyo jirani na kijiji chetu, huku kati ya Iringa na Mbeya. Jina la kambi naliacha. Wa huku wameshaijua.

Ni sanduku la chuma juu ya miguu mirefu, limeipita misonobari kwa urefu. Ukungu wa Juni ukitanda miguu hupotea, likabaki sanduku jeusi linaelea angani. Utotoni tulitishana nalo.

Ubavuni lina ubao wenye namba, na mshale. Mama alikuwa akitoka nje alfajiri, hata moto hajawasha, anautazama kwanza huo mshale. Ukiwa chini anatupigia kelele: "Umeshuka, kamateni ndoo!" Nje ya uzio palikuwa na koki moja ya wanakijiji, na askari wa zamu aliifungua tangi likijaa. Wageni hawakuelewa. Mshale umeshuka, halafu ndiyo maji yapo? Ndiyo. Ndani ya tangi kuna boya, limefungwa waya unaopita juu ya kapi hadi kwenye mshale wa nje. Maji yakipanda, boya hupanda na mshale hushuka kwa uzito wake. Maji yakipungua, boya huteremka na kuuvuta mshale juu. Sisi tulijua kuusoma ubao ule kabla hatujajua a, e, i, o, u.

Sasa, umri wake. Wazee wetu husema tangi ni la Mjerumani. Huku kwetu kila kilichochakaa ni cha Mjerumani! Boma la pale Iringa mjini ni lake kweli, hilo sina ubishi. Lakini sisi ambao babu zetu walimpiga Zelewski, kamanda wa Wajerumani, pale Lugalo mwaka 1891, tumpe mpaka tangi?

Vipande viwili vya tangi lile viliwahi kuoza vikabadilishwa, na kimoja kikaishia kwa jirani, akakilaza juu ya mtaro kiwe kivuko. Nilikwenda na utepe wa fundi cherehani nikakipima. Futi 4 kwa futi 4, bila kuzidi wala kupungua. Usoni kimekandamizwa alama ya X ili kisibonyee, pembeni kote matundu ya boli. Matangi ya vipande hivi yalianza Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20, kwenye kampuni ya Braithwaite. Uzuri wake ni kwamba vipande hupakiwa kwenye lori kama sahani, vikafungwa boli hukohuko porini. Mjerumani alipima kwa mita, na matangi ya chuma ya zama zake yaliungwa kwa ribiti. Isitoshe, JKT lenyewe lilianzishwa 10 Julai 1963, na wazee haohao wanakiri kwamba kabla ya kambi pale palikuwa pori tupu. Sasa Mjerumani alimpandishia nani maji, nyani? Tangi ni letu, la baada ya uhuru, ila limeshonwa kwa kipimo cha Mwingereza.

Ukiwa na futi 4 mkononi huhitaji kuingia kambini kujua ujazo. Nilisimama uwanja wa mpira nikahesabu: vipande 4 kwa urefu, 3 kwa upana, 2 kwenda juu. Ni vyumba 24, kila kimoja lita 1,800 na kidogo. Jumla lita 43,000 na ushee, yaani ndoo za lita 20 zaidi ya 2,100, na uzito wa maji peke yake ni tani 43. Miguu ile si mapambo.

Na kambi haiwezi kuishi bila kitu kama hicho. Kuruta wote huamshwa kwa wakati mmoja, hukimbia mchakamchaka pamoja, hurudi pamoja na kufungua koki pamoja. Hakuna pampu ya kijijini inayoweza kuhimili dakika hizo ishirini. Pampu hupandisha taratibu usiku kucha, asubuhi maji yanashuka yenyewe. Kila mita 10 za kimo huongeza msukumo wa baa 1 hivi.

Miaka ya themanini mwanzoni, dizeli ilipokuwa ya kutafutwa kwa tochi, pampu ilinyamaza. Mshale ukakaa juu wiki nzima, na kuruta wa kidato cha sita wakawa wanapishana na sisi kwenye njia ya mtoni, ndoo kichwani, wanaimba. Nadhani ndipo wanakijiji walipowapenda. Mwaka 1994 mafunzo ya mujibu wa sheria, yaani yale ya lazima kwa vijana, yakasimamishwa, kambi ikapoa. Yaliporudi mwaka 2013 vijana walikuta simtanki zimepangwa chini, na la chuma likawa la akiba.

Mmeomba picha. Ya tangi sitapiga, ubao wa kukataza picha upo palepale getini na mimi sitafuti kesi. Nimewatumia ya kivuko cha jirani. X inaonekana vizuri, tope nimeifuta kwa kanga.