Re: Jicho jeusi linakataa rangi kwenye GIMP (programu ya kuhariri picha)

Mkuu salama? Umepaka bluu juu ya jicho la kahawia iliyokolea, ukaweka modi ya Color (namna rangi uliyopaka inavyochanganyika na picha iliyo chini), na bado jicho ni jeusi tu. Angalia mwanga kwanza. Modi hiyo inabadilisha rangi peke yake, giza inaliacha lilivyo.

Chagua duara linalozunguka mboni, linakili kwenye leya yake (tabaka la juu ya picha), lipandishe mwanga kwa Curves (zana ya kurekebisha mwanga na giza), ndipo upake. Mboni iache nyeusi. Ile nukta nyeupe ya flashi usiiguse kabisa. Ikiingia bluu, jicho linakuwa la mdoli. Ukingo ulainishe pikseli 2 au 3, halafu punguza ukolezo wa leya (Opacity), anzia asilimia 60.

Binafsi, kwa ngozi zetu napendelea rangi ya asali. Bluu inapiga kelele mno.