Maswali na Majibu: Namba Tasa Pweke Katikati ya Pacha

Mara iliyopita niliacha zoezi: andika programu fupi ya kutafuta namba tasa pweke. Tasa ni namba iliyozidi 1 inayogawanyika kwa 1 na kwa yenyewe tu. Pweke ni tasa ambayo ukirudi hatua mbili hukuti tasa, na ukisogea mbele hatua mbili hukuti tasa. Pacha ni kinyume chake, kama 11 na 13, au 29 na 31. Barua zimekuja kutoka Moshi na Arusha, nami nimechagua hizi.

Shikamoo Mwalimu. Programu yangu inasema 29 ni pweke, lakini kwenye daftari 29 na 31 ni pacha. Simu imekosea? (Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Pasua, Moshi)

Marahaba. Simu imetii ulichoiambia. Programu uliyonitumia inaorodhesha tasa hadi 30, kisha inamtafuta mwenza wa kila moja ndani ya orodha hiyohiyo. 31 haimo, kwa hiyo 29 ikaonekana haina mwenzake. Ukiweka kikomo 60, namba 59 itapatwa na yaleyale. Kosa hili nimelikuta kwenye kazi nyingi mlizotuma, na ni baya kwa sababu majibu mengine yote yanatoka sahihi, ila lile la mwisho tu. Dawa ni kuachana na orodha na kumpima kila jirani mwenyewe. Kwa Python, lugha ya kuandikia programu:

```
def tasa(n):
    return n > 1 and all(n % k for k in range(2, int(n**0.5) + 1))

def pweke(n):
    return tasa(n) and not tasa(n-2) and not tasa(n+2)

print([n for n in range(2, 100) if pweke(n)])
```

Sehemu ya kwanza inaigawanya n kwa kila namba kuanzia 2 hadi kipeuo chake cha pili. Baki ikiwa sifuri hata mara moja, n si tasa. Hatuvuki kipeuo kwa sababu namba ikigawanyika kwa kubwa, lazima kuna ndogo upande wa pili: 91 ni 7 mara 13, na 7 itaikamata mapema.

Utapata 2, 23, 37, 47, 53, 67, 79, 83, 89 na 97. Ni kumi. Chini ya 100 kuna tasa 25, hivyo 15 zilizobaki zina pacha. Zihesabu kwa mkono, uone kama zinafika 15 kweli.

Hivi 2 nayo ni pweke? (Msomaji, Kijenge, Arusha)

Ndiyo. 0 si tasa, 4 si tasa.

Mimi nazitaka zile zilizokaa moja peke yake katikati ya jozi mbili za pacha, kama 23 kati ya 19 na 29. Nifanyeje? (Msomaji, Njiro, Arusha)

Hili ndilo swali nililolipenda kuliko yote. Ongeza mistari hii chini ya ile ya juu:

```
p = [n for n in range(2, 1000) if tasa(n)]
for a, b, c in zip(p, p[1:], p[2:]):
    if pweke(b) and not pweke(a) and not pweke(c):
        print(b)
```

Tunachukua tasa tatu zinazofuatana. Ya katikati iwe pweke, za pembeni zisiwe pweke. Zinatoka sita tu: 23, 37, 67, 233, 277 na 631. Sita, wakati pweke zote chini ya 1,000 ni 99! Nyingine hukaa kwa makundi: kati ya jozi ya 347 na 349 na ile ya 419 na 421, pweke zimepanga mstari kumi.

Sasa tazama jambo moja ambalo programu haikuonyeshi. Kila tasa iliyozidi 3 imepakana na kigawe cha 6, ama iko moja kabla yake ama moja baada yake. 23 iko kabla ya 24, kwa hiyo mwenza wake angeweza kuwa 25 tu; upande wa pili ni 21, inayogawanyika kwa 3. 37 iko baada ya 36, mwenza wake angekuwa 35 tu. Maana yake, kwa tasa iliyozidi 3, jirani wa kupima ni mmoja, si wawili. Mwenye kuweza aifupishe programu kwa njia hiyo anitumie.

Namba pweke zina mwisho? (Msomaji, Sakina, Arusha)

Hazina, na uthibitisho wake unapendeza. Anza na 7, ongeza 30 kila mara: 37, 67, 97, 127, 157. Zote tano ni tasa, zote ni pweke. Sababu ni kwamba katika mfululizo huo, ukitoa 2 unapata namba inayogawanyika kwa 5, na ukiongeza 2 unapata inayogawanyika kwa 3. Baadaye mfululizo unapita pia kwenye namba zisizo tasa, kama 187, ambayo ni 11 mara 17. Lakini mwanahisabati Dirichlet alithibitisha mwaka 1837 kwamba mfululizo wa namna hii una tasa zisizo na mwisho.

Pacha ndizo ngumu. Hadi leo hakuna aliyethibitisha kwamba haziishi. Mwaka 2013 mwanahisabati Yitang Zhang alionyesha kwamba kuna jozi za tasa zisizo na mwisho zenye tofauti isiyofika milioni 70. Wengine wakaishusha hadi 246. Tunaitaka 2.

Faida yake nini? (Msomaji, Soweto, Moshi)

Mwaka 1994 mwanahisabati Thomas Nicely wa Virginia, Marekani, alikuwa anajumlisha 1/3, 1/5, 1/5, 1/7, 1/11, 1/13 na kuendelea na pacha. Jumla ya kompyuta moja ikakataa kulingana na ya nyingine. Alipofuatilia aligundua kwamba prosesa ya Pentium ya kampuni ya Intel, yaani kifaa kinachofanya hesabu ndani ya kompyuta, inakosea kugawanya. Kosa hilo liliigharimu Intel dola milioni 475.

Mwanangu yuko darasa la sita, anazipenda namba, lakini hatuna kompyuta wala simu kubwa. Aanzie wapi? (Mama, Majengo, Moshi)

Mama, anza sokoni Mbuyuni. Nyanya 24 zinapangika mafungu ya nne-nne au sita-sita. Nyanya 23 hazipangiki kwa mafungu sawa, labda uuze moja-moja. Hiyo ndiyo tasa.

Kisha nyumbani aandike 1 hadi 100 kwenye daftari, namba sita kila mstari. Azungushie tasa zote. Ukiacha 2 na 3, zote zitaangukia safu ya kwanza na ya tano. Pacha ataziona zimeikumbatia safu ya sita: 11 na 13 pembeni mwa 12, 17 na 19 pembeni mwa 18. Akifika 24 atakuta 23 upande mmoja na upande wa pili 25. Usimwambie kitu. Mwache aigawanye 25 mwenyewe.